Nyufa Zitafutwe Kabla Gari Halijafika Nithi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Barabarani na Uchukuzi (NTSA), Nairobi



Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Taarifa za mwanzo zilitaja breki. Katika barabara ya Meru–Embu tumezoea kuisikia habari ya breki kufeli kama habari ya radi, ilhali mara nyingi metali haipasuki bila kuanza kuugua mapema. Mzigo usioweza kuivunja kwa mara moja, ukirudiwa maelfu ya mara, huanzisha ufa penye tundu, kona kali au mshono wa kuchomelea, na ufa huo hukua hadi sehemu iliyobaki ishindwe; huo ndio uchovu wa metali. Ndege za Comet, zilizoanza mwaka 1952 kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe, zilitufunza hayo kwa gharama ya roho za watu: mbili zilisambaratika angani mwaka 1954. Wachunguzi walizamisha mwili wa ndege nyingine kwenye tangi la maji, wakaupandishia na kuushushia shinikizo tena na tena hadi ukapasuka.

Mteremko wa Nithi huongeza joto juu ya uchovu huo. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima, uso wa ndani wa dramu ya breki hupata moto, hutaka kutanuka na kuzuiwa na chuma baridi kilicho nyuma yake; ukipoa hujivuta, na nyufa nyembamba huzaliwa. Ni kweli breki nyingine huishiwa nguvu kwa joto tu, bila kupasuka. Lakini joto hilohilo huacha alama kwenye dramu, na mkaguzi aliyefungua gurudumu ataziona.

Watakaosema kosa ni la kona na daraja la Nithi wana haki, na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, iendelee kubanwa. Hata hivyo, dramu yenye ufa inaweza kupasuka hata Runyenjes, mbali na kona hiyo. Kuhusu gharama, kuna rangi maalumu inayopenya ufa: hupakwa, hufutwa, kisha unga mweupe huivuta nje na mstari kuonekana kwa macho. Haihitaji mtambo mkubwa.

Tunaomba ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria, kuanzia yanayopita Meru, Chuka na Embu, ulazimishe magurudumu kufunguliwa, na dramu, ekseli, springi na viungo vya usukani kupimwa nyufa. Kipuri kilichopasuka kikatwe papo hapo, kisichomelewe na kurudi sokoni.