Mnyama Asiye na Jina Hatafutwi

Mfugaji wa Ngaremara, kaskazini kidogo mwa mji wa Isiolo, akipotelewa na ng'ombe hatoki nyumbani kumtafuta "ng'ombe". Humtafuta ng'ombe maalumu: mwenye rangi fulani, baka fulani, pembe zilizopinda kwa namna fulani, na mara nyingi mwenye jina. Miongoni mwa Waturkana, ambao ni wengi katika sehemu hiyo, mwanamume huweza hata kupata jina litokanalo na fahali wake ampendaye, akaitwa kwa jina hilo na watu wa rika lake. Wasamburu na Waborana, majirani zao, nao wana hazina kubwa ya maneno ya kutofautishia rangi na maungo ya mifugo. Hazina hiyo ndiyo daftari la mfugaji. Kwayo hujua kilichopo, na kwayo hujua kilichokosekana.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu ya wanyama wengine, wa porini, ambao zamani waliishi katika nyika hiyo na nyinginezo za Afrika Mashariki lakini sasa hawaonekani. Baadhi yao hawapo tena nyikani wala katika bustani za wanyama. Mjadala wa kutoweka kwao umeachiwa wataalamu wa wanyamapori, wenye mahoteli na wafadhili. Hoja ya makala haya ni kwamba suala hili ni la lugha pia. Mnyama anayetajwa kwa jina huulizwa anapokosekana, ilhali asiyetajwa hupotea kimyakimya.

Mfano wa kwanza unatoka Isiolo kwenyewe. Mwaka 1956 George Adamson, bwana nyama wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini ambaye makao yake yalikuwa Isiolo, alimuua simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba simba huyo alikuwa na watoto watatu wachanga, wote majike. Yeye na mkewe, Joy, waliwalea. Baadaye wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na mmoja akabaki. Aliyebaki ndiye Elsa. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilichotoka mwaka 1960, pamoja na filamu ya mwaka 1966 viliueneza umaarufu wa Elsa duniani kote, na kaburi lake katika Mbuga ya Meru, alikozikwa mwaka 1961, limekuwa mahali pa kuzuru. Dada zake wa Rotterdam humalizwa kwa sentensi moja katika masimulizi mengi. Mama yao, ambaye kifo chake ndicho kilichoanzisha kisa chote, hana jina kabisa. Hawa ni simba wa damu moja na pori moja, lakini kumbukumbu zao hazilingani hata kidogo, na kilichozitofautisha ni jina pamoja na hadithi iliyoandamana nalo.

Mfano wa pili ni wa kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1975 kifaru dume mchanga alikamatwa kusini mwa Sudan, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo. Akapewa jina la Sudan. Mwezi Desemba 2009 yeye na wenzake watatu, Suni, Najin na Fatu, waliletwa Ol Pejeta, Laikipia, kwa tumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewarudishia hamu ya kuzaa. Haikuwa hivyo. Suni alikufa mwaka 2014. Mwaka 2015 Nabire, aliyebaki Dvůr Králové, alikufa, na miezi michache baadaye akafa Nola katika hifadhi ya San Diego, Marekani. Tangu siku hiyo hakuna bustani yoyote ya wanyama duniani iliyo na kifaru wa aina hiyo. Sudan mwenyewe, dume wa mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45, na waliobaki nyuma yake ni majike wawili tu, Najin na Fatu, yaani binti yake na mjukuu wake.

Habari za kifo cha Sudan zilisomwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Lakini itazamwe lugha iliyotumika. Kifaru huyo si mweupe. Rangi yake ni ya kijivu kama ya mwenzake aitwaye "mweusi", ambaye naye si mweusi. Wanazuoni wamebishana kuhusu chanzo cha sifa hiyo, na hata maelezo mashuhuri kwamba ilitokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya "pana" yametiliwa shaka. Kiswahili kiliipokea sifa hiyo kama ilivyokuja, bila kumtazama mnyama. Mchungaji aliyewahi kuwaona wote wawili angeanza na mdomo: mmoja ana mdomo mpana wa kulia nyasi, na mwingine ana mdomo uliochongoka wa kuchumia majani ya vichaka.

Tanzania inatoa mfano wa tatu, na huu ndio unaoipa hoja uzito zaidi. Mwezi Desemba 2015 kifaru mmoja alihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Grumeti, karibu na Serengeti. Jina lake lilikuwa John. Mwaka uliofuata ilisemekana kwamba amekufa, na mwezi Desemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza uchunguzi na kutaka aonyeshwe pembe za mnyama huyo. Kwa majuma kadhaa "Faru John" alikuwa gumzo la magazeti, vijiwe na vyombo vya usafiri. Nyaraka zilidaiwa na watumishi wa umma walihojiwa. Haya yote yalifanyika kwa ajili ya kifaru mmoja.

Sasa mfano huo uwekwe kando ya hesabu nyingine. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Katika nyika za Samburu na Isiolo waliuawa na wawindaji haramu hadi wakaisha, na ilibidi kungoja mwaka 2015 ndipo wengine wakaletwa katika hifadhi ya jamii ya Sera, huko Samburu, kuanza upya. Ni nani aliyedai kuonyeshwa pembe za wale maelfu? Kila mmoja wao alikuwa na njia yake ya kwenda majini na kichaka chake cha kulala, lakini katika maandishi walikuwa idadi tu. Idadi hupungua bila kumgusa msomaji kwa namna jina linavyomgusa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Methali na ngano zake zimejaa wanyama, lakini ni wale wale: simba, fisi, tembo, nyani, sungura, kobe. Kifaru ni nadra kuonekana humo, na choroa ni nadra zaidi. Aidha, neno lenyewe "kifaru" limepata maana ya pili, ile ya gari la kivita, na huenda kijana wa leo akakutana na maana hiyo katika taarifa ya habari mara nyingi kuliko ya kwanza. Neno halikufa, bali limehamia kwenye chuma.

Hali kadhalika, wanyama ambao Isiolo na Samburu hujivunia hawajatulia katika lugha. Swala twiga amebahatika: jina lake ni picha kamili ya swala mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani. Choroa naye ana jina lake, ingawa wengi waliosoma hawawezi kumtambua wakimwona. Lakini punda milia mkubwa wa kaskazini, mwenye milia myembamba na masikio ya duara, anaitwa kwa jina la Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, kwa kuwa mwaka 1882 Menelik, aliyekuwa mtawala wa Shoa, alimpelekea rais huyo mmoja wao kama zawadi. Wanyama wa aina hiyo walikuwa wapatao 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa wanakadiriwa kuwa kama 3,000, na walio wengi wamo Kenya. Katika ukame wa mwaka 2022, Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba walikufa 49, pamoja na tembo 205. Mnyama ambaye karibu kila aliye hai wa jamaa yake yumo katika nchi ya Waswahili hana jina la Kiswahili lililo lake peke yake.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza latoka kwa mwenyeji. Katika ukame huo huo wafugaji wa kaskazini walipoteza mifugo yao kwa wingi, na huko tembo huvunja uzio na simba huingia zizini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia, lakini fidia hiyo imekuwa ikilalamikiwa kwa kuchelewa. Mtu aliyelala njaa aelezwe nini kuhusu jina la punda milia? Pingamizi hili ni la haki, na historia ya Elsa inalizidishia nguvu, maana sifa na fedha za hadithi ile zilikwenda mbali na Isiolo. Hata hivyo, linaitilia nguvu hoja badala ya kuivunja. Majina yaliyopewa umaarufu yalitolewa na wageni, kwa lugha ya wageni, na kwa hiyo hadithi zikawa zao. Mwenyeji ambaye maarifa yake yameandikwa kwa jina lake ana msingi imara zaidi wa kudai haki yake kuliko yule anayetajwa kama "jamii ya wenyeji" tu.

Pingamizi la pili ni kwamba bustani za ng'ambo zimewaokoa wanyama ambao nyumbani wangekwisha. Kuna ukweli ndani yake. Bongo wa milimani, ambao porini nchini Kenya wamebaki chini ya 100, walikamatwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970 na kupelekwa ng'ambo. Vizazi vyao ndivyo vilivyoanza kurudishwa Mlima Kenya, 18 mwaka 2004 na 17 kutoka Florida mwezi Februari 2025. Wasomi wa Kiswahili wanaielewa hali hii vizuri, kwani miswada mingi ya tenzi za pwani nayo imehifadhiwa London na kwingineko, na anayetaka kuisoma hupanda ndege. Mgala muue na haki yake umpe: aliyehifadhi ashukuriwe. Lakini bongo aliyezaliwa Florida hakufunzwa njia za msitu, na mswada uliomo kabatini haughaniwi. Tena, kifaru wa kaskazini amedhihirisha kwamba hata bustani huishiwa.

Basi ni lipi linalowezekana kufanywa na chama cha wanafunzi kisicho na fedha wala bunduki? Kwanza, kukusanya. Ngaremara ni mahali ambapo Kiturkana, Kisamburu, Kiborana, Kimeru na Kisomali husikika katika soko moja, na Kiswahili ndicho kiungo. Jina lenyewe la mahali lina sehemu itokanayo na Kimaa, "ngare", yaani maji, kama ilivyo katika Ngare Ndare na Ngare Sergoi. Wazee waliowaona vifaru wakinywa katika mito hiyo wanazidi kupungua. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari, likizo moja, anaweza kurudi na majina ya wanyama katika lugha tano, pamoja na visa, vitendawili na miiko inayoandamana nayo. Kazi hiyo inafaa kabisa kuwa tasnifu, na haifai kungoja.

Pili, kuunda istilahi kwa kumtazama mnyama. Waliounda "swala twiga" walitazama. Njia hiyo hiyo, pamoja na ukopaji kutoka lugha jirani, inaweza kumpatia punda milia wa kaskazini jina lake, na kuwatofautisha vifaru wawili kwa midomo yao badala ya rangi wasizo nazo. Tatu, kutunga. Mashairi na hadithi za watoto zinazotoka kila mwaka zingali zinamzungusha sungura na fisi, nao wamestahimili vya kutosha. Wakati umewadia choroa naye apewe nafasi ya kusema.

Hapana budi kukiri mipaka ya kazi hii. Jina halizuii risasi, wala kamusi haileti mvua. Sudan alikuwa na jina na walinzi wenye silaha, na bado jamaa yake imefikia ukingoni. Lakini Faru John anafundisha kwamba pale jina lilipokuwapo, swali liliulizwa hadi ofisi ya Waziri Mkuu, na wenye dhamana walilazimika kujibu. Mfugaji wa Ngaremara amelijua hilo tangu zamani, ndiyo maana jioni hulitazama zizi lake na kujua ni yupi ambaye hajarudi. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko lugha yoyote ya Afrika Mashariki. Kingali kinasubiri wenye nia ya kukaa mlangoni pa zizi hilo kubwa na kuwataja wanyama wake, mmoja baada ya mwingine, wangali wapo wa kutajwa.