Mlima Haupandwi kwa Pochi

Imeenea imani miongoni mwetu sisi tupendao kuendesha baiskeli milimani, kwamba ubora wa mwendeshaji hupimwa kwa bei ya kile alichokikalia. Wakutanapo waendeshaji wawili mwanzoni mwa njia, macho huenda kwanza kwenye uma wa mbele, kisha kwenye gia, kisha kwenye breki. Mtu mwenyewe hutazamwa mwisho, tena kama nafasi ipo. Mgeni akiuliza, "Nifanyeje niushuke mteremko ule wa mawe bila kuogopa?" haelezwi namna ya kushuka. Huelezwa anunue nini.

Imani hiyo naipinga, wala sitaipinga kwa upole, maana madhara yake si mzaha. Inawafukuza wasio na fedha, inawaumiza wenye fedha kidogo, na inawadanganya wenye fedha nyingi.

Hebu kwanza tutazame mchezo huu ulitoka wapi. Katika miaka ya 1970, huko Marin, kaskazini ya San Francisco nchini Marekani, kundi la vijana liliokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, zile nzito zenye matairi manene, likazipandisha kwenye vilima vya mlima Tamalpais na vya jirani yake. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza katika njia moja ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax. Njia hiyo waliiita Repack. Jina hilo lilitokana na breki za kukanyaga kinyumenyume: zilikuwa zikipata moto wakati wa kushuka hata grisi ikaungua na kutoka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Gary Fisher aliishuka njia hiyo kwa dakika 4 na sekunde 22, na hakuna aliyemshinda katika mashindano yale. Wende Cragg, mwanamke aliyekuwa akishuka pamoja nao, ndiye aliyetuachia picha nyingi za siku hizo. Ukizitazama utaona suruali za kazi, mabuti, na vyuma vilivyochubuka rangi.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba hata hao hawakubaki na vyuma chakavu. Kweli hawakubaki. Waliongeza gia ili waache kusukuma baiskeli kwa mkono kupanda kilima, wakaweka breki bora, wakachukua mikono ya breki kutoka kwenye pikipiki. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu zilizokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1979 Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli za milimani zenye fremu za Tom Ritchey. Na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Kwanza mtu alishuka. Kisha akagundua kinachomshinda. Kisha akatengeneza dawa yake. Haja ilikizaa kifaa. Siku hizi kifaa ndicho kinachozaa haja. Mtu hajawahi kuanguka, hajawahi kupanda mlima mzima, wala hajui kama mikono yake inachoka kabla ya miguu, lakini tayari ameshauziwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Mfano mzuri ni magurudumu. Kwa miaka mingi baiskeli ya milimani ilikuwa na gurudumu la inchi 26, na dunia nzima ilipanda na kushuka nalo. Likaja la inchi 29, likasifiwa kwamba hupita juu ya mawe kwa urahisi, jambo ambalo ni kweli. Halafu likaja la 27.5. Mashindano ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 yakaleta kichekesho: Jaroslav Kulhavy alishinda dhahabu kwa la 29, na Nino Schurter akapata fedha nyuma yake, kwa tofauti ya sekunde moja hivi, kwa la 27.5. Basi kila muuzaji akapata wa kumtaja. Upana wa kitovu cha nyuma nao ulitoka milimita 135 ukaenda 142, kisha 148. Kila badiliko lilikuwa na sababu ya kihandisi, lakini anayelilipia ni yule ambaye rimu yake nzima na imara haiingii tena kwenye fremu mpya, na ambaye akienda kwa fundi wa mtaani huambiwa, "Hii, mzee wangu, spea yake huku haipo."

Sasa niwageukie wale ninaosema wanaumizwa. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki kijana mwenye akiba ndogo huingia dukani, akaikuta baiskeli inayong'aa, ina springi mbele, ina springi nyuma, na gia ishirini na moja. Kando yake imesimama baiskeli isiyo na springi, fremu ngumu, rangi moja. Bei zinakaribiana. Kijana huchukua ile ya springi, kwa sababu ndiyo inayofanana na zile anazoziona kwenye picha za mabingwa.

Tuulize lakini: kama bei ni ile ile, fedha ya kutengenezea springi ilitoka wapi? Haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikatwa kwenye breki, kwenye gololi, kwenye rimu na kwenye chuma cha fremu. Springi ile ya nyuma haina mafuta ya kuituliza, kwa hiyo haimezi mshtuko, bali huurudisha. Ukigonga shimo hukurusha. Ukipanda kilima, sehemu ya nguvu ya miguu inapotea katika kuibonyeza. Viungo vyake vikilegea baada ya miezi michache, gurudumu la nyuma huanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Uzito wake ni kama wa mzigo wa kuni. Mwenyewe anachoka, anasema mchezo huu si wa watu kama yeye, na baiskeli inaishia kuanikwa nguo. Huyo hakushindwa na mlima. Alishindwa dukani, kabla hajaufikia mlima.

Tena lipo jambo zito kuliko uchovu. Breki ya bati isiyoshika inampeleka mtu korongoni. Kofia ngumu ambayo hakuinunua kwa sababu fedha ilikwisha kwenye springi haipo siku kichwa kinapokutana na jiwe. Ndiyo maana nasema ushauri mbaya wa vifaa unaumiza, na si mfuko peke yake unaoumia.

Wapo watakaosema, "Wewe unapinga maendeleo." Sipingi. Breki ya diski ni neema: hushika hata kwenye matope, na kidole kimoja kinatosha. Tairi lisilo na mpira wa ndani, lenye utomvu wa kuziba tundu, limetupunguzia viraka na miiba. Uma wa mbele ulio mzuri, ulioanza kuuzwa kwa watu na RockShox mwaka 1989, umeokoa viganja na mabega ya wengi. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuvigeuza vitu hivyo kuwa mlango wa kuingilia. Tena uma wa hewa na mafuta unataka matunzo: baadhi ya watengenezaji huagiza sehemu yake ya chini ifunguliwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Anayeishi siku mbili mbali na fundi mwenye vifaa hivyo, na asiyeweza kuvinunua, hakununua starehe. Amenunua deni.

Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo, basi, ni huu. Chukua fremu ngumu inayolingana na urefu wako, hata kama imetumika. Fedha ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye matairi, ya tatu kwenye kofia ngumu, na ya nne kwa fundi mwaminifu anyooshe rimu na kukaza spoku. Ikibaki, nunua pampu, mpira wa ndani wa akiba na viraka. Kisha punguza upepo. Wengi hujaza tairi mpaka likawa kama jiwe, halafu wanalalamika kwamba baiskeli inaruka na kuteleza, na kumbe springi ya kwanza ya baiskeli yoyote ni hewa iliyo ndani ya tairi. Punguza kidogo kidogo mpaka lianze kuushika udongo, lakini usishuke mno, maana mpira wa ndani utabanwa kati ya rimu na jiwe utoboke matundu mawili kama meno ya nyoka.

Springi ya pili ni mwili wako. Ukifika kwenye mteremko mbaya inuka kitini, simama juu ya kanyagio zote mbili zikiwa sawasawa, kunja viwiko na magoti, uache baiskeli icheze chini yako. Tazama mbali, pale unapotaka kwenda, wala si jiwe unaloliogopa, kwa maana jicho ndilo linaloongoza usukani. Funga breki kabla ya kona na uiachilie ndani yake. Breki ya mbele usiikimbie, maana ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Ibane taratibu kama mtu akamuaye chungwa, usiinyakue. Mambo haya hayauzwi katika duka lolote, na ndiyo hayo yaliyomkosa yule mgeni aliyeuliza swali akajibiwa kwa orodha ya bei.

Kama maneno yangu hayatoshi, watazame majirani zetu. Goma, watu husafirisha magunia ya mkaa na viazi kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, na hulishusha milima ya Kivu likiwa na mzigo wa mamia ya kilo. Rwanda nako vijana waliunda baiskeli za mbao. Tom Ritchey, yule yule wa fremu za 1979, alipoitembelea Rwanda mwishoni mwa 2005, hakukuta watu wanaosubiri kufundishwa baiskeli ni nini; alikuta watu ambao baiskeli ndiyo mgongo wao. Mwaka 2006 yakafanyika huko mashindano yaliyowapa nafasi waendeshaji wa baiskeli za chuma na za mbao, na Ritchey akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Miaka sita baadaye, Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London. Alimaliza wa 39. Mwenye kucheka nambari hiyo ajiulize ni wangapi walioachwa njiani siku ile, na yeye mwenyewe angefika wapi.

Niliseme na hili la njia. Tunabishana usiku kucha juu ya matairi, na hatubishani hata dakika moja juu ya adabu. Huko Marin kwenyewe, kwenye chimbuko la mchezo, waendeshaji waliwagombanisha na wapanda farasi na watembeao kwa miguu, hata vijia vingi vyembamba vya mlima Tamalpais vikafungwa kwa baiskeli. Hakuna gurudumu lililoweza kuvifungua. Sisi tunaruhusiwa kuendesha katika hifadhi ya Hell's Gate, kati ya pundamilia na twiga, na katika msitu wa Karura ndani ya Nairobi, na tunapita vijia vya wakulima katika milima mingi bila kuulizwa. Ruhusa ya namna hiyo hukaa kwa tabia ya mpitaji. Mama aliyebeba kuni kichwani ndiye mwenye njia: simama, msalimu, mwache apite. Usiburuze gurudumu la nyuma kwa kujionyesha, maana mfereji unaouchora leo, mvua ya masika itaugeuza korongo katika shamba la mwenzio.

Kwa hiyo, mgeni akija tena na swali lake, nawasihi wenzangu tumjibu alichouliza. Tusimwulize amenunua nini. Tukague breki zake, tumpunguzie upepo, tumpandishe kilima, tushuke mbele yake polepole ili aone tunavyokunja magoti. Akishashuka mara hamsini atajua mwenyewe ni kifaa gani anachokihitaji, na siku hiyo akitoa fedha yake hatakuwa amedanganywa na mtu.