Daftari la wiki: Bao la fundi simu wa Bunda

Mwigobero, Jumatatu. Kuna gemu la bao linalozunguka kwenye simu za watu hapa Musoma, na halina kampuni yoyote nyuma yake. Mwenyewe ni kijana wa Bunda, fundi simu, ambaye akishafunga kibanda jioni anakaa na kompyuta mpakato ya mtumba kuandika programu. Gemu halilipiwi, halina matangazo, watu wanarushiana kwa WhatsApp. Leo alikuja mjini kufuata vioo vya simu, tukakaa karibu na mwalo, nikamwomba anisikilizishe sauti anazotumiwa. Mmoja anataka acheze na ndugu yake aliyeko Tarime. Mwingine anasema tangu aweke toleo jipya simu inaganda. Dada mmoja anauliza kwa ukali mbona muda umepita na hakuna kitu kipya. Kijana anasikiliza zote mpaka mwisho, na nyingi anazijibu usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Niseme mapema: niko upande wake. Hakuna kati ya watu hawa aliyemwajiri. Hata hivyo, katika sauti zile nilisikia watu wa aina mbili. Yuko anayedai na yuko anayejali, na kwa kuwa wote wanafoka, ni rahisi kuwachanganya.

Nyasho, Jumanne. Anayejali ni mzee mmoja wa hapa. Ujumbe wake haukuwa na salamu: “We kijana, bao lako halijui kulala.” Nilikwenda kumwona, nikamkuta barazani na ubao wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye rafiki wa yule? Kaa nikuonyeshe.”

Bao la kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, kila mchezaji 32. Linaanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila upande: sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake. Kete 22 zinabaki akiba, zinaingia moja moja wakati wa namua, hatua ya kwanza ya mchezo. Sasa, mtu akila katika namua na kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, nayo ina kete sita au zaidi, ana hiari: alale pale nyumba ibaki na mali yake, au azoe zote asafiri nazo. Gemu la kijana lilikuwa linasafiri lenyewe bila kuuliza. Mzee alikuwa anatazama nyumba yake ikivunjwa na mashine, na alikuwa na kila haki ya kukasirika. Mchezaji mzuri wa bao anajulikana hapo, kwa kujua lini alale na lini aondoke. Kumnyima mtu uamuzi huo ni kumpa ubao usio na mchezo.

Na kule kuganda kwa simu kuna sababu yake. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, unazoa tena na kuendelea kusambaza. Ipo mipangilio ya kete ambayo ukiifuata kwa kanuni hii usambazaji haukomi kabisa. Binadamu akifika hapo atachoka, au mwenzake atamshika mkono. Mashine haichoki, kwa hiyo lazima iandikiwe kikomo. Kijana hakuwa ameweka kikomo hicho, na mtu aliyeshika simu iliyoganda mkononi hawezi kujua kwamba ameangukia kwenye jambo gumu katika hesabu za bao. Anaona fundi mvivu tu.

Butiama, Jumatano. Nilipita Mwitongo, kwa Mwalimu Nyerere. Picha zake akicheza bao na wenzake zinajulikana nchi nzima, lakini safari hii nilikuwa nawaza kazi yake nyingine ya faragha. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akairudia, akaisahihisha, akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Nchi ilikuwa na mambo yake mengi katika miaka hiyo, Azimio la Arusha likiwa mojawapo, naye akatenga muda kupanga upya mistari ambayo watu walikwishaipokea. Mwenye kazi ya mapenzi ana mdai mkali ndani yake kuliko msomaji au mchezaji yeyote. Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu akimwambia fundi wetu kwamba hajali.

Alhamisi, nyumbani, mvua. Nimekuwa nikikumbuka habari za Dong Nguyen wa Hanoi. Mei 2013 alitoa Flappy Bird, gemu dogo la ndege anayepenya kati ya mabomba, aliloliunda peke yake. Mwanzoni mwa 2014 likashika nafasi ya kwanza duniani, ikaandikwa kwamba matangazo yanamwingizia dola 50,000 kwa siku. Februari mwaka huohuo akaliondoa sokoni kwa hiari yake, akisema limeharibu maisha yake ya kawaida. Wengi walimwona mwendawazimu. Mimi namwelewa. Matusi hayapungui kwa kuwa mtu analipwa.

Mfano ambao watu wanapenda kuutaja ni wa Eric Barone, Mmarekani aliyetengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akalitoa Februari 2016, na bado anaongeza mambo bure; toleo la 1.6 lilitoka Machi 2024. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ila Barone aliuza mamilioni ya nakala, na hicho ndicho kinachomlisha anapokaa kurekebisha. Si haki kumpima fundi wa Bunda kwa kipimo hicho.

Aliye karibu nasi zaidi ni Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kuichaji kulikuwa safari ya masaa kwa miguu. Humo akajifundisha, akaunda Salaam, gemu la kutafuta amani. Kila ninapofikiria toleo jipya linavyodaiwa kwa haraka, namfikiria yule mama akiweka senti yake.

Bunda, Ijumaa. Nilimuuliza kijana kwa nini asiliweke gemu kwenye duka la Google, liwafikie watu wengi. Ada ya kujiandikisha ni dola 25, mara moja tu, na hiyo anaiweza. Kinachomkwamisha ni mengine. Tangu Novemba 2023 mtu binafsi anayefungua akaunti mpya lazima kwanza apate wajaribu. Walikuwa 20, sasa ni 12, nao wabaki kwenye majaribio siku 14 mfululizo. Kisha kila mwaka, kwa kawaida ifikapo Agosti 31, Google inataka programu ziendane na Android ya karibuni. Mwaka 2025 ilikuwa Android 15. Programu iliyoachwa nyuma sana haionekani tena kwa wateja wapya wenye simu mpya. Kwa hiyo hata gemu lililokamilika, lisilo na kosa, lina kazi ya kila mwaka isiyoonekana na mchezaji. Kanuni za bao hazijabadilika, simu ndizo zinazobadilika.

Tulikaa kibandani mpaka jioni, yeye akibandua kioo kilichopasuka, tukipanga. Mzee wa Nyasho amekubali kuwa mjaribu wa kwanza, na hakuna toleo litakalotoka kabla hajalicheza. Amesema atawaleta wenzake wa barazani, wenye simu. Wakubali tu kubaki siku zote 14, duka litawezekana. Swali la “Lala au safiri?” limeshaandikwa, na kikomo cha usambazaji kimewekwa. Msimbo wenyewe atauachia wazi ili mwenye ujuzi arekebishe asisubiri.

Kwenye ukurasa wa mwanzo ataandika kwamba kuanzia sasa anafanya kazi hii Jumapili jioni tu, na kwamba ujumbe wa sauti utajibiwa siku hiyo. Kucheza na ndugu wa Tarime hakutakuwepo. Kunahitaji seva ya kulipia kila mwezi, na hana hela hiyo. Nalo ameliandika palepale, kwa herufi kubwa.