Alfabeti ya Umeme ni Mali ya Nani?

Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili huku bara. Baada ya kunisalimu kwa taadhima na kuniulizia hali ya jamaa, alinieleza mzozo uliozuka katika chumba cha walimu shuleni kwao. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika mtihani wa majaribio ulioandaliwa na shule kadhaa kwa pamoja, aliagizwa achore sakiti yenye betri, swichi, taa na kile kipuri ambacho kazi yake ni kuukinza mkondo wa umeme. Aliichora barabara, ila kipuri hicho alikichora kwa mstari uliopindapinda mfano wa meno ya msumeno, kama alivyokiona katika kitabu cha kaka yake. Msahihishaji alitaka mstatili. Basi mtoto akakatwa alama mbili kwa sababu ya alama moja. "Mwalimu," aliniandikia, "wenzangu wa Fizikia wamegawanyika, na kwa kuwa ugomvi wenyewe ni wa alama, wamesema tumuulize mtu wa isimu."

Mimi si mhandisi wala sijapata kujidai kuwa mmoja. Hata hivyo, swali hili ni la lugha kabla ya kuwa la umeme, na jibu lake si gumu. Msumeno na mstatili ni lahaja mbili za alfabeti moja. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, iitwayo IEC, ambayo iliasisiwa London mwaka 1906 na ambayo makao yake makuu yako Geneva, imeuchagua mstatili katika mkusanyo wake wa alama sanifu unaojulikana kwa nambari 60617. Wamarekani, katika viwango vyao vya mwaka 1975, walidumisha msumeno. Waingereza nao walichora msumeno hapo zamani, kisha wakahamia mstatili. Ndiyo maana vitabu vikuukuu vilivyorithiwa katika maktaba zetu huweza kupingana na vipya hata kama vimetoka London vyote.

Jambo la kuchekesha ni kwamba katika alama za milango ya mantiki, zile zinazotumiwa kuchorea sakiti za kompyuta, mambo yamepinduka. Huko IEC hupendelea visanduku vyenye ishara ndani yake, lakini mafundi na wanafunzi wa pande nyingi za dunia wameendelea kuchora yale maumbo ya Kimarekani yenye mgongo wa mviringo, kwa kuwa yanatambulika kwa kutupiwa jicho mara moja. Hivyo mtu yule yule huandika kipuri hiki kwa lahaja ya Ulaya na kile kwa lahaja ya Marekani, katika ukurasa mmoja, asihisi kwamba amekosa. Sisi wanaisimu tumeyaona hayo tangu kale. Kamati ya Kiswahili ya mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na bado Mmvita anasema Kimvita chake. Kumtoza faini msemaji wa lahaja kana kwamba hajui lugha ni kosa la msahihishaji.

Nilimjibu hivyo mwalimu mwenzangu nikadhani yamekwisha. Kumbe siyo. Alirudi na swali la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Alitaka kujua hati rasmi yenye alama hizo inapatikana wapi, ili waichapishe na kuitundika ukutani, mzozo usizuke tena.

Ukweli ni kwamba hati hiyo huuzwa. Mkusanyo wa IEC, wenye alama zaidi ya 1,500, hupatikana kwa kulipia ada ya kila mwaka, na matini yake yamelindwa na sheria ya hakimiliki. Mtu anaweza kuchora mstatili bila kumwomba mtu ruhusa, maana hakuna awezaye kudai umiliki wa mstatili. Lakini orodha yenyewe, pamoja na michoro yake na maelezo yanayosema alama hii yatumika wapi na ile wapi, ni bidhaa. Shule ikiinakili na kuigawa, imevunja masharti.

Msomaji ataelewa kwa nini jambo hili lilinigusa nikimweleza jinsi mambo yalivyo katika taaluma yangu. Chama cha kimataifa cha fonetiki kiliasisiwa Paris mwaka 1886, na kufikia mwaka 1888 kilikuwa kimechapisha alfabeti yake ya sauti za lugha. Ni alfabeti hiyo inayoniwezesha kuandika sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe kwa herufi moja, ŋ, ikasomwa sawasawa na mtu wa Tokyo au wa Lagos asiyejua Kiswahili hata neno moja. Chati nzima ya alfabeti hiyo hutolewa leo kwa leseni huria: nakili, chapisha, tafsiri, rekebisha, almuradi umtaje mwenyewe na ukigawa marekebisho yako uyagawe kwa masharti yayo hayo. Katika muda wote niliofundisha sijawahi kumwambia mwanafunzi alipe ili ajue irabu. Iweje basi mtoto anayejifunza umeme aambiwe kwamba alfabeti ya somo lake ina mlango wenye bei?

Shukrani ziwaendee watu waliochoka kungoja. Mnamo mwaka 1992, mhadhiri mmoja wa Grenoble, Ufaransa, Jean-Pierre Charras, alianza kuandika programu ya kuchorea sakiti na bodi zake, akaiita KiCad. Ni programu huria: haina bei, na msimbo wake u wazi kwa yeyote atakaye kuusoma au kuubadili. Kuanzia mwaka 1013 na ushei, ningesema kwa mzaha, dunia ilikuwa na watawa walionakili vitabu kwa mkono; kuanzia mwaka 2013 KiCad ilipata msaada wa CERN, ile taasisi kubwa ya utafiti wa nyuklia. CERN nayo iko Geneva. Mji mmoja una nyumba inayouza alama za umeme na nyumba nyingine iliyosaidia kuzigawa bure.

Pamoja na programu hiyo huja maktaba kubwa ya alama, zilizochorwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mstatili umo, na msumeno umo kwa jina lake tofauti. Mchoraji huchagua lahaja yake. Leseni ya maktaba hiyo ina kifungu kimoja ambacho kingemfurahisha mwanaleksikografia yeyote. Inasema, kwa ufupi, kwamba ukiibadilisha maktaba yenyewe na kuigawa, sharti uigawe kwa uhuru ule ule. Lakini ukizitumia alama zake kuchora kifaa chako, kifaa ni chako, uza au ficha upendavyo. Ni kana kwamba mtunzi wa kamusi amesema: ukiirudufu kamusi yangu usiifungie watu, ila riwaya uliyoiandika kwa maneno uliyoyapata humo haijawa yangu.

CERN hawakuishia kwenye programu. Mwaka 2011 walitoa leseni yao ya maunzi huria, yaani masharti ambayo mbunifu huyaambatanisha na michoro ya kifaa ili wengine waruhusiwe kukiunda, kukichunguza na kukiboresha.

Wako watakaosema kwamba haya ni anasa ya watu wenye wakati. Hebu na watazame yaliyowapata watumiaji wa EAGLE, programu ya Kijerumani iliyozaliwa mwaka 1988 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kipenzi cha wanafunzi, kwani lilikuwapo toleo la bure, japo lilimbana mtu asichore bodi inayozidi milimita 100 kwa 80. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk. Mwaka uliofuata ikageuzwa kuwa ya kulipiwa kwa muda. Na mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba ingekoma kuiuza na kuihudumia tarehe 7 Juni 2026. Mwalimu aliyeandaa masomo yake yote kwa programu hiyo alijikuta kama mpangaji aliyepewa notisi. Linganisha na Arduino, ile bodi ndogo ya kujifunzia iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 na kupewa jina la baa moja ya mji huo. Michoro yake ilitolewa kwa uhuru, na ndiyo sababu nakala zake za bei nafuu huuzwa hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Jina Arduino, kwa upande wake, limesajiliwa, wala si ruhusa kulibandika kwenye nakala. Mnamo Oktoba 2025 kampuni ya Qualcomm ilitangaza kwamba inainunua Arduino. Sina hakika mpango huo utawafaa walimu. Lakini michoro iliyokwisha kutolewa kwa leseni huria hainunuliki ikarudishwa kabatini.

Haki inanilazimu niseme pia upande wa pili. Viwango havishuki kama mvua. Kuna makatibu, vikao, tafsiri na miaka ya kubishana, na mauzo ya hati ni sehemu ya fedha zinazolipia hayo. Nakubali. Ila kuna tofauti baina ya hati nene ya kupima usalama wa mashine ya hospitali na orodha ya alama za kumfundishia mtoto. Na hata kuhusu zile hati nene, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 5 Machi 2024, katika kesi iliyohusu viwango vya usalama wa vitu vya watoto vya kuchezea, kwamba kiwango kikishakuwa sehemu ya sheria ya Umoja huo, raia ana haki ya kukiona. Ikiwa mzazi wa Ulaya ana haki ya kuona kanuni ya mwanasesere, mwanafunzi wetu anayesahihishwa kwa kanuni ya mchoro ana udhaifu gani?

Tena uhuru si usahihi. Maktaba za kujitolea zina makosa yake; anayeagiza bodi itengenezwe bila kulinganisha miguu ya kipuri na karatasi ya mtengenezaji atalipia kifaa kisichofanya kazi. Wala mchoro wa bure hauleti vipuri vya bure. Programu hunakiliwa bila gharama, transista hununuliwa.

Basi nilimshauri mwalimu yule waanze na kitu kidogo chenye faida shuleni: kengele ya kuonya kwamba tangi la maji limejaa. Yahitaji betri ya volti 9, kengele ndogo ya umeme, transista moja ya aina ya BC547, kikinza kimoja cha omu 1,000 na nyaya mbili zinazoning'inia juu ya tangi. Waya mmoja unatoka upande chanya wa betri kupitia kikinza. Wa pili unaingia mguu wa katikati wa transista. Maji yakizigusa nyaya zote mbili, mkondo hafifu hupita ndani yake, transista hufunguka na kengele hulia. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua, na hilo lenyewe ni somo la Kemia. (Umeme wa ukutani usikaribiwe kabisa, betri yatosha.) Mwanafunzi achore sakiti hiyo kwanza kwa mkono, kisha kwa KiCad hata kama ni kompyuta moja kwa darasa zima, na mchoro upewe leseni huria ili shule jirani iuchukue na kuuboresha. Atajifunza pia kwa nini mafundi huandika 4k7 badala ya 4.7k: nukta hupotea katika kurudufisha, herufi haipotei.

Kuhusu ukuta wa maabara, tulikubaliana kutengeneza chati yetu wenyewe ya alama thelathini na moja, msumeno na mstatili zikiwa ubavu kwa ubavu, kwa kutumia maktaba hiyo huria. Wenye mamlaka ya mitaala na mitihani wangeweza kuifanya kazi hii kwa siku chache, wakatamka wazi kwamba lahaja zote mbili zapokelewa. Majina ya Kiswahili hayakuwa tatizo kubwa nililolitarajia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri programu huria ya ofisini ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo njia imekwisha kufyekwa. Swichi, betri, fyuzi na transista yalipita bila kura. Tulikwama penye kile kile kilicholeta mzozo. Mimi napendelea kikinza, kwa kuwa kinatokana na kitenzi na mtoto anaweza kukisia maana yake. Walimu wa Fizikia wanataka rezista, kwa kuwa ndilo neno la fundi na la mwenye duka. Tumeyaandika yote mawili.

Chati imetundikwa. Alama mbili za yule mwanafunzi bado hazijarudishwa.