Wapelekeni Ufuoni Kwanza

Nafundisha sayansi Mbita, Homa Bay, na kila nikiwaambia wanafunzi wachague tatizo la jamii walitatue, jibu hutangulia swali: "Mwalimu, tutengeneze programu ya simu." Tatizo lenyewe watalitafuta baadaye.

Nawatuma ufuoni bila kompyuta, wakakae na akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa. Safari moja walirudi wakibishana. Walidhani shida ni bei. Kumbe masika yakianza, omena walioanikwa chini juu ya neti huoza, na mama aliyekopa hana cha kumlipa mvuvi. Deni la namna hiyo ni mlango mmoja wa jaboya, samaki kwa ngono. Mazungumzo yakahamia kwenye vichanja vya kuanikia juu ya ardhi: fito, neti kuukuu, turubai. Cha kwanza walichojenga kilianguka. Akina mama walicheka sana, kisha wakaonyesha pa kukaza.

Sisemi programu za simu hazina maana. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu walibuni i-Cut, programu ya kuwasaidia walio hatarini kukeketwa, wakafika California kushindana. Makofi walistahili. Ila Kuria, kaunti ya Migori, ukeketaji ungalipo licha ya sheria ya 2011, nami ningetaka msichana wa Kehancha, huko huko Kuria, awe mbunifu mwenyewe. Yeye anajua simu ya nyumbani hushikwa na nani.

Mtaala wa umilisi umeingiza huduma kwa jamii katika sekondari ya juu. Basi wanafunzi wapewe alasiri nzima, si kipindi cha dakika 40, na mtahini asome daftari lao la maswali kabla ya kutazama kifaa.