Damu Ngumu ya Mjomba

Wiki jana binamu yangu aliuliza kwenye grupu ya familia kama ushago kuna neti ya ziada. Anampeleka mtoto wake wa miezi 8 huko kwa mara ya kwanza. Mjomba akajibu chapchap: "Neti ya nini? Sisi watu wa ziwani damu yetu ni ngumu." Zikafuata emoji za kucheka. Mimi sikucheka.

Porojo hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni hatari. Tangu 1954, Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alipochapisha utafiti wake, inajulikana kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu, ile inayopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, hulindwa sana dhidi ya malaria kali. Lakini anayerithi ni mtu, si kabila. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anayo, mwingine hana. Hao waliocheka, nani amepimwa?

Na hata ukiwa nayo, kinga haiji yote siku ya kuzaliwa. Utafiti wa Kilifi uliotoka 2005 ulionyesha kwamba dhidi ya malaria isiyo kali, jeni hiyo iliwakinga watoto wa chini ya miaka 2 kwa asilimia 20 tu. Kufikia miaka 10 ikawa 56. Mbona ipande? Watafiti waliona dalili kwamba jeni inausaidia mwili kujifunza kupambana na vimelea. Kujifunza, jamani! Huyu wetu amezaliwa Nairobi, hata darasani hajaingia. Tena, Kilifi hiyohiyo, mwaka huohuo, ilionekana kwamba ukiirithi pamoja na thalasemia ya alfa, ambayo ikiwa peke yake pia hulinda, ulinzi karibu wote unapotea.

Halafu kuna upande ambao mjomba hautaji kamwe. Wazazi wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata zote mbili. Huyo ndiye anayeugua selimundu, na malaria ikimpata inaweza kumuua. Kwetu tulimzika mmoja akiwa na miaka 6, tukisema ni baridi ya mifupa. Alikuwa wa mjomba mwenyewe. Namheshimu, na najua kwa nini hataki kuamini.

Neti nimenunua. Jumamosi nawasindikiza binamu na mumewe wakapimwe, na mtoto pia.