Kriketi: Uganda yakanyaga alipoteleza Kenya

UGANDA ilipofuzu kucheza Kombe la Dunia la kriketi la Twenty20 la 2024, wengi walishangaa, kwani nchini humo soka ndiyo mfalme wa michezo.

Mnamo Novemba 2023 jijini Windhoek, Namibia, iliishinda Zimbabwe, mwanachama kamili wa Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC), kisha ikailaza Rwanda na kukata tiketi. Katika fainali zenyewe, iliifunga Papua New Guinea kwa wiketi tatu nchini Guyana. Lakini dhidi ya West Indies iliambulia mikimbio 39 tu, na dhidi ya New Zealand 40.

Shujaa wa ushindi huo mmoja alikuwa Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, aliyeruhusu mikimbio minne pekee katika ova zake nne. Ni fahari, lakini pia ni swali: nani atamrithi?

Swali hilo Kenya haikulijibu. Mwaka 2003 iliishinda Sri Lanka jijini Nairobi na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Baadaye migogoro ya uongozi na malipo ya wachezaji iliitafuna, na 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Katika mchujo wa Afrika wa 2025, uliofanyika Harare, Uganda ilishindwa kufuzu fainali za 2026. Mafanikio ya timu ya taifa, bila vijana wanaoandaliwa shuleni na klabuni, ni nyumba isiyo na msingi.